Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuwa mwanazuoni wa sheria ya kimataifa ukitokea Afrika Mashariki

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mwaka wa masomo: kutoka kwa wanafunzi wa sheria wanaokaribia kumaliza, mawakili vijana waliochoka na mashauri ya viwanja, na wazazi wanaotaka kujua kama mtoto wao atapata ugali. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Sheria ya kimataifa ya umma ni ipi, na inatofautianaje na ile binafsi?

Ya umma inahusu dola kwa dola, na dola na mashirika kama Umoja wa Mataifa: mipaka, bahari, mikataba, vita, haki za binadamu, kinga za mabalozi. Ya binafsi inahusu watu na kampuni ambao shauri lao limegusa nchi zaidi ya moja. Mke Mkenya na mume Mtanzania waliooana Mombasa na sasa wanataka talaka wakiwa Tanga: shauri lisikilizwe wapi, na kwa sheria ya nchi gani? Hilo ni la binafsi. Ukurasa huu unahusu ile ya umma tu.

2. Mwanazuoni wa fani hii hufanya nini hasa?

Hufundisha, husoma, huandika, husahihisha mitihani. Hashindi katika mahakama za The Hague, Uholanzi, amevaa joho. Sehemu kubwa ya kazi ni kusoma nyaraka ambazo wengine huziona kavu: hukumu, kumbukumbu za mikutano ya Umoja wa Mataifa, barua za kibalozi, hansadi za Bunge. Anatafuta swali moja: dola hii ilitenda nini, na ilipotenda, iliamini kwamba sheria inaitaka itende hivyo? Sheria ya desturi ya kimataifa hujengwa kwa majibu ya swali hilo. Asiyependa kukaa na makaratasi atateseka.

3. Maandishi ya profesa yana uzito wowote mahakamani?

Yana. Ibara ya 38 ya Mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) inataja kwanza mikataba, desturi na kanuni za jumla za sheria, kisha inataja hukumu za mahakama na mafundisho ya wanasheria waliobobea wa mataifa mbalimbali kuwa nyenzo saidizi za kuitambua sheria. Angalia neno "saidizi". Profesa hatungi sheria. Ila ni fani chache ambazo mkataba wa mahakama unawataja waandishi kwa namna hiyo.

Kwa desturi yake, ICJ yenyewe huwataja waandishi kwa nadra sana ndani ya hukumu. Majina yao utayakuta zaidi katika maoni binafsi ya majaji na katika hoja za mawakili. Kwa hiyo usisubiri jina lako lisomwe na rais wa mahakama ndipo uamini umefanya kazi.

4. Hii si fani ya Wazungu? Sisi tumechangia nini?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu wanafunzi wengi hulibeba mpaka mwisho wa masomo bila kulijibu.

Anza na mwaka 1951, Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi igawiwe walowezi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wananchi wa nchi za udhamini walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Wameru waliitumia haki hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini utawala wa Mwingereza ulilazimika kujieleza mbele ya dunia.

Miaka 9 baadaye Tanganyika ilikaribia uhuru, na swali likawa: nchi mpya inarithi mikataba aliyoisaini mkoloni? Mfano uliokuwa mezani ulikuwa wa maeneo ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma ambayo Uingereza iliwapangisha Wabelgiji mwaka 1921, milele, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Mwalimu Nyerere alikataa kwamba serikali inayoondoka inaweza kumfunga milele anayeingia. Msimamo uliowasilishwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Desemba 1961 ulikuwa huu: mikataba ya nchi mbili tutaiheshimu kwa miaka 2, katika muda huo tutazungumza na kila mwenzetu, na ule ambao hatukukubaliana kuuendeleza utakoma, isipokuwa kama sheria ya desturi inaubakiza. Nchi nyingine zilizopata uhuru baadaye ziliufuata msimamo huo kwa namna zao, na vitabu vya kurithi mikataba huuita kwa jina la Nyerere. Mwaka 1962 ukatumika tena, safari hii dhidi ya makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929 kati ya Misri na Uingereza. Seaton yuleyule, pamoja na Sosthenes Maliti, waliandika kitabu kizima kuhusu mwenendo wa Tanzania katika mikataba; kilitoka mwaka 1973.

Kenya nayo ina lake. Mwaka 1972 mwanasheria wake Frank Njenga ndiye aliyepeleka mbele ya wanasheria wa Asia na Afrika, kisha mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari wa maili 200, ambamo rasilimali ni za nchi ya pwani. Wakati huo mataifa makubwa yenye meli za uvuvi yalitaka bahari ibaki wazi kwao. Miaka 10 baadaye wazo likawa sehemu ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Leo karibu kila nchi ya pwani, tajiri kwa maskini, inalitumia.

Kwa hiyo anayekwambia tumekuja kujifunza tu, mrudishe maktaba.

## Njia ya masomo

5. Nahitaji digrii zipi, na kwa mpangilio gani?

Shahada ya kwanza ya sheria, kisha uzamili, kisha uzamivu. Bila uzamivu utafundisha, lakini hutapanda mbali (tazama swali la 11).

Kinachopuuzwa ni shahada ya kwanza. Somo la sheria ya kimataifa kwa kawaida hukaa miaka ya mbele, wanafunzi wakiwa wamechoka, na wengi hulipita kwa kukariri. Wewe lisome kama msingi wako. Soma pia vizuri sheria ya katiba, maana swali la jinsi mkataba unavyoingia katika sheria za ndani utaulizwa maisha yako yote, na jibu la Kenya si la Tanzania: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 2(6), inafanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya, wakati Tanzania bado inahitaji Bunge litunge sheria ya kuupa mkataba nguvu ndani ya nchi.

6. Ni lazima niwe wakili kwanza?

Si lazima. Vyuo havidai uwakili kwa mtu anayefundisha sheria ya kimataifa. Hata hivyo, ukiweza kupita mafunzo ya uwakili mapema, pita. Yanakupa mlango wa pili wa kipato (swali la 13) na yanakufundisha jinsi ushahidi unavyojengwa, jambo ambalo wanazuoni wengi wa mikataba hawalijui hata kidogo.

7. Nisome hapa au nje?

Shahada ya kwanza, hapa. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kwa miaka kadhaa kikawafundisha wanasheria wa Kenya na Uganda pia. Nairobi na Makerere zilifuata. Msingi upo.

Uzamili na uzamivu ni suala la nani atakusimamia na maktaba gani utaitumia. Phoebe Okowa, Mkenya, alisoma Nairobi, kisha Oxford kwa uzamili na uzamivu, akafundisha Bristol na baadaye Queen Mary, London. Makau Mutua, Mkenya, alipata shahada mbili Dar es Salaam kabla ya Harvard. Chris Maina Peter alisoma Dar es Salaam na kuchukua uzamivu Konstanz, Ujerumani, akarudi kufundisha Mlimani, yaani chuo hichohicho cha Dar es Salaam. Abdulqawi Yusuf, Msomali, alianzia Mogadishu, akamalizia Geneva. Utaona hakuna aliyeruka hatua ya nyumbani.

Kwa asiyetaka kwenda mbali, kituo cha pamoja cha Tanzania na Ujerumani kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008 kimefundisha uzamili na uzamivu kwa wanafunzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwamo wa Burundi, Rwanda na Kongo.

Ushauri wangu mmoja tu hapa: usiende nje kwa pesa ya mkopo wa familia. Ufadhili upo wa kutosha kwa mwenye alama na andiko zuri, na uzamivu wa mtu anayedaiwa na mjomba huandikwa vibaya.

8. Nichague mada gani ya uzamivu?

Finyu kuliko unavyodhani. "Haki za binadamu Afrika" ni jamvi la wageni, kila mtu ameshalikalia. Tasnifu ya Okowa ilizaa kitabu, mwaka 2000, kuhusu uwajibikaji wa dola kwa hewa chafu inayovuka mipaka. Hewa tu, mpaka tu, uwajibikaji tu. Lakini anayeweza kujibu swali hilo ameshajibu nusu ya sheria yote ya uwajibikaji wa dola.

Pili, tafuta mada ambayo nyaraka zake ziko karibu yako na mbali na wengine. Mwanafunzi aliye Leiden, Uholanzi, ataandika vizuri zaidi kuhusu hukumu za ICJ kuliko wewe, maana amekaa nazo jirani. Hatakuwa na mafaili ya mpaka wa Ziwa Nyasa, wala mazungumzo ya Nile, wala kumbukumbu za Arusha, ambako mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hadi mwisho wa 2015 na ambako hadi leo zipo Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Inasikitisha kuona tasnifu inaandikwa Afrika Mashariki juu ya mgogoro wa visiwa vya Asia kwa kutegemea vitabu vitatu vya Kiingereza, na huku mashauri ya Arusha hayajaguswa.

9. GPA yangu haifiki. Nimekwisha?

Kwa njia ya moja kwa moja, milango ni michache. Vyuo vya umma Tanzania kwa kawaida hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili kwa wanaoanza kazi ya kufundisha. Soma tangazo lenyewe, lisikupite. Ila kufundisha chuoni hakujawahi kuwa njia pekee. Angalia swali la 18.

10. Mahakama igizi na kozi fupi zina faida kweli?

Zina, kuliko cheti chochote cha mtandaoni. Mashindano ya Jessup hujadili shauri la kubuni la ICJ. Yale ya haki za binadamu ya Afrika huratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Mwanafunzi aliyeandika hoja za pande zote mbili za shauri moja ameshajifunza utafiti ambao darasani hatufiki.

Kwa kozi fupi, zingatia tatu. Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague kilichofunguliwa 1923 kina masomo ya kila mwaka na nafasi za ufadhili. Umoja wa Mataifa una kozi ya kanda ya Afrika, ambayo imekuwa ikifanyika Addis Ababa. Na Geneva kuna semina ya vijana inayokwenda sambamba na vikao vya Tume ya Sheria ya Kimataifa (tazama swali la 15). Kama huna nauli ya popote, Umoja wa Mataifa una maktaba ya mihadhara ya video ya sheria ya kimataifa mtandaoni, bure kabisa, yenye wahadhiri ambao ungelipa mamilioni kuwasikiliza. Nimeshangaa mara nyingi jinsi wanafunzi wasivyoijua.

## Kupanda ngazi

11. Vyeo vya chuo vinakwendaje?

Tanzania unaanza mkufunzi msaidizi ukiwa na shahada ya kwanza, unakuwa mhadhiri msaidizi ukipata uzamili, mhadhiri ukipata uzamivu. Baada ya hapo ni mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na profesa kamili. Kenya majina yanafanana, na uzamivu ndio unaotarajiwa kwa cheo cha mhadhiri. Kutoka mhadhiri kwenda juu, mizani ni machapisho.

12. Nichapishe wapi?

Kwenye majarida ambayo watu unaowanukuu huyasoma. Yapo ya vyuo vyetu, na ipo Yearbook ya Afrika ya sheria ya kimataifa ambayo Yusuf aliianzisha mwaka 1993. Yapo makubwa ya Ulaya na Marekani, ambayo hukataa makala nyingi kuliko yanazokubali. Kukataliwa ni sehemu ya ratiba.

Jarida linalokuandikia barua pepe likikusifu, likiahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo, ni biashara ya karatasi. Kamati ya kupandisha vyeo ikiligundua, makala hiyo haihesabiwi, na jina limeshaharibika.

13. Kuna pesa?

Mshahara wa chuo unalisha familia, haujengi ghorofa. Wengi huongeza kwa kazi za ushauri kwa wizara, mashirika ya kimataifa na kampuni za uwakili. Tangu mashauri ya uwekezaji dhidi ya serikali zetu yaongezeke, kama lile la maji ya Dar es Salaam lililoamuliwa 2008 kati ya kampuni ya Biwater Gauff na Tanzania, wataalamu wa mikataba ya uwekezaji wamepata kazi zaidi. Hatari yake: ushauri hulipa haraka kuliko utafiti, na mtu anaweza kukaa mhadhiri mwandamizi miaka 15 akiandika ripoti ambazo hakuna atakayezisoma.

14. Kifaransa ni lazima?

Kwa kufundisha Dodoma au Eldoret, hapana. Kwa The Hague na Geneva, karibu ndiyo: lugha rasmi za ICJ ni Kiingereza na Kifaransa. Msomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi ana mtaji huo tayari. Anachohitaji ni Kiingereza.

## Nje ya darasa

15. Profesa anafikaje ICJ au Tume ya Sheria ya Kimataifa?

Si kwa kuomba kazi. Majaji wa ICJ ni 15, kila mmoja miaka 9. Huchaguliwa na Baraza Kuu na Baraza la Usalama, kila chombo kikipiga kura peke yake, na mgombea lazima apate wingi kamili kote kuwili. Mkataba wa mahakama unaruhusu mtu mwenye sifa za ujaji wa juu nchini kwake, au mwanasheria mwenye umahiri unaotambulika katika sheria ya kimataifa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo mlango wa maprofesa ambao hawajawahi kuwa mahakimu hata siku moja.

Tume ina wajumbe 34, hukutana Geneva, huchaguliwa na Baraza Kuu kwa miaka 5. Kazi yake ni kuandaa rasimu za sheria ya kimataifa. Chris Maina Peter alikaa humo kuanzia 2012 hadi 2022. Okowa alichaguliwa 2021, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika, kisha Novemba 2025 akachaguliwa ICJ kujaza nafasi aliyoiacha Yusuf, ambaye aliwahi kuwa rais wa mahakama hiyo. Kwa wanaodhani Tume ni ulaji: tangu 2002 posho ya heshima ya mjumbe ni dola 1 kwa mwaka, ukiacha nauli na gharama za kujikimu.

Umahiri peke yake hautoshi. Nchi yako lazima ikufanyie kampeni, na kampeni hizo ni za kubadilishana kura. Ni siasa, na si dhambi kusema hivyo.

16. Je, jaji wa muda ni nani?

Nchi yenye shauri ICJ ambayo haina jaji wa uraia wake mezani inaweza kuteua mmoja kwa shauri hilo tu. Si lazima awe raia wake. Katika shauri la Kongo dhidi ya Uganda, Uganda ilimteua Mtanzania James Kateka na Kongo ikamteua Mbelgiji, Joe Verhoeven. Hukumu ilitoka Desemba 2005, na Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Katika shauri jingine la Kongo, dhidi ya Ubelgiji, kuhusu hati ya kukamatwa, lililoamuliwa 2002, Kongo ilimteua profesa wake wa Kinshasa, Sayeman Bula-Bula. Maoni binafsi aliyoandika yasomwe na yeyote anayefundisha ukoloni na sheria.

17. TWAIL ni nini, na nikiifuata nitapata kazi?

Ni kifupi cha Third World Approaches to International Law, mkondo wa wanazuoni wanaoisoma sheria ya kimataifa kwa macho ya nchi zilizotawaliwa. Ulikusanyika Harvard katikati ya miaka ya 1990, na Wakenya wawili, Makau Mutua na James Gathii, walikuwa miongoni mwa sauti zake za mwanzo. Kazi utapata, alimradi ujue sheria yenyewe kabla ya kuikosoa. Ukosoaji usio na ibara wala hukumu huchosha wasahihishaji haraka.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nina miaka 40, nafanya kazi wizarani. Nimechelewa?

Fani hii ina desturi ndefu ya watu wa serikali. Njenga alikuwa mwanasheria wa serikali. Kateka alikuwa mwanadiplomasia kabla ya kukaa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, kuanzia 2005 hadi 2023. Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania kabla ya kuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa mahakama hiyo. Faili ulilolishughulikia wizarani linaweza kuwa tasnifu, baada ya kupata ruhusa ya maandishi ya kulitumia. Safari ya kinyume ipo pia: Kennedy Gastorn alitoka Mlimani, akawa Katibu Mkuu wa shirika la mashauriano ya kisheria la nchi za Asia na Afrika mwaka 2016, kisha balozi Umoja wa Mataifa.

19. Nilisoma uhusiano wa kimataifa, si sheria.

Unaweza kuandika uzamivu wenye sheria ndani yake. Kufundisha kitivo cha sheria bila shahada ya sheria ni vigumu sana, Kenya kama Tanzania. Ukiwa na nia thabiti, rudi usome shahada ya sheria. Vyuo kadhaa vina madarasa ya jioni.

20. Itakuwaje utafiti wangu ukipingana na msimamo wa serikali yangu?

Hutokea. Mkenya aliyeandika juu ya mpaka wa bahari na Somalia kabla ya hukumu ya ICJ ya Oktoba 2021 alijua kwamba sentensi yake inaweza kunukuliwa na upande wa pili. Uwe mkweli katika andiko, na tenganisha kazi mbili: ukichukua kazi ya kuishauri serikali katika shauri, usichapishe kuhusu shauri hilo mpaka liishe, na ukichapisha baadaye, sema wazi kwamba ulihusika. Kama umeshachapisha kinyume kabla ya kuitwa, mwambie aliyekuita siku ya kwanza na mpe nakala ya makala. Wakili wa upande wa pili atakuwa ameshaisoma.